Jirani kachimba msingi wa ukuta ndani ya bustani, minyaa ya mpaka kaing'oa. Nianzie wapi?

Mleta uzi

Wakuu, habari za majukumu.

Niko Kibaha, kwenye mtaa ambao upimaji haujafika. Kiwanja nilinunua 2016 kwa mzee mmoja mwenyeji wa hapa, na jirani yangu wa upande wa mashariki alinunua kwa mzee huyo huyo mwaka uliofuata. Katikati kulikuwa na mstari wa minyaa ambao mzee aliupanda zamani kuzuia mbuzi. Siku ya kunionesha eneo alisimama kwenye minyaa ile akasema mwisho wako ni hapa, mashahidi wakasikia.

Kando ya minyaa, upande wangu, ndiko iliko bustani ya mama watoto: matembele, mchicha, bamia, mipapai kadhaa na migomba inayokunywa maji ya kuogea. Mboga ya nyumba hii inatoka pale, inayozidi anauza.

Jirani hakai pale, huja mara chache. Wiki iliyopita kaleta mafundi, wakang'oa minyaa na kuchimba msingi wa ukuta ulioingia bustanini karibu mita moja na nusu, kuanzia barabarani hadi nyuma kabisa. Nilipompigia alijibu kwa upole tu: hati yake ya mauziano inasema hatua 30 kwa 20, na akihesabu kutoka upande wake wa pili, hatua ya 30 inaangukia kwenye mipapai yangu. Hati yangu nayo inasema hatua 30 kwa 25. Tukijumlisha za kwake na za kwangu, eneo lenyewe halitoshi. Mzee aliyetuuzia ni marehemu, ila watoto wake wapo.

Vijana wa mtaani wanasema nifukie msingi usiku, asubuhi atajua mwenyewe. Wengine wanasema niende moja kwa moja mahakamani. Naomba ushauri wa watu waliopitia au wanaofanya kazi hizi. Huyu jirani hajawahi kunikosea, nisingependa tuwe maadui, lakini eneo nalo siwezi kuliacha hivi hivi. Nawasilisha.

Fundi Bomba

Pole sana mkuu. Usifukie. Ukifukia usiku, kesho kesi itakayozungumzwa polisi ni ya kuharibu mali, na suala la mpaka litakuwa limesahaulika. Nimeona hilo likimkuta mtu mwenye haki yake kamili.

Mpima wa Mikoani

Ndugu mleta uzi, mimi ni mpima ardhi, nafanya kazi hizi kila siku, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu kidogo.

Cha kwanza kabisa ni kujua ardhi yenu ni ya aina gani, kwa sababu njia zinaachana hapo hapo. Kama kiwanja kimepimwa na ramani ya upimaji imeidhinishwa, mpaka upo kwenye kumbukumbu kwa namba. Kila kona ina jiwe, yaani nondo iliyosimikwa kwenye zege, na lina namba yake na majira yake, yaani tarakimu zinazoonesha mahali lilipo, kwenye ramani. Hata mtu akiling'oa, mpima wa halmashauri au mpima binafsi aliyesajiliwa analifufua pale pale lilipokuwa, tofauti ya sentimita chache. Na kung'oa jiwe la mpaka ni kosa la jinai, watu wajue hilo.

Ninyi hamjapimwa. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza fedha. Wanakodi mpima, anakuja na vifaa vyake, wanatarajia awaambie mpaka uko wapi. Mpima hawezi kuujua mpaka wenu. Kwenye eneo lisilopimwa, mimi napima pale mnaponionesha. Ukiniita peke yako nitapima unaponionesha wewe, na jirani yako akiita mwenzangu atapima anapooneshwa na yeye. Mtaishia na karatasi mbili zenye mihuri zinazopingana, ugomvi uko vile vile na sasa kila mmoja amelipia. Kwa hiyo usimwite mpima kabla hujakaa na jirani. Mkubaliane kwanza aje siku gani, mumlipe nusu kwa nusu, na wote wawili mtembee naye kwenye mstari.

Kuhusu hatua. Hatua ya mtu mrefu inakaribia mita moja, ya mzee wa miaka sabini aliyeshika fimbo haifiki sentimita sabini. Kwenye hatua 30 tofauti hiyo peke yake ni mita tisa. Nyie mnagombea mita moja na nusu! Hati zenu zote mbili zinaweza kuwa za kweli kabisa na bado zisitoshee ardhini. Kwa hiyo msizifanye hatua kuwa msingi wa hoja. Kwenye kazi yetu alama iliyo ardhini, ambayo muuzaji aliionesha na watu waliishuhudia, ina uzito kuliko idadi ya hatua iliyoandikwa. Hati nyingi za mauziano zina ule mstari wa "kaskazini anapakana na fulani, mashariki anapakana na fulani". Soma hati yako uone kama minyaa imetajwa. Kama imetajwa una silaha kubwa.

Na tafadhali msipime kwa simu. Simu janja ya kawaida inakosea mita tatu hadi tano hata mahali pa wazi, ukiwa chini ya miti ni zaidi.

Mleta uzi

Ahsante sana mkuu Mpima. Nimeangalia hati: "mashariki anapakana na eneo la muuzaji". Minyaa haijatajwa. Wakati nanunua jirani hakuwepo bado.

Mpima wa Mikoani

Hamna shida, bado kuna ushahidi. Fungua ile programu ya Google Earth kwenye kompyuta, ina sehemu ya picha za miaka iliyopita. Tafuta nyumba yako, rudisha nyuma hadi 2015 au 2016. Minyaa iliyokomaa inaonekana kama mstari wa kijani kibichi, hasa picha ikiwa ya kiangazi. Picha zenyewe huwa zinahama mita kadhaa kutoka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usisome majira yake. Soma umbali kati ya minyaa na kitu ambacho hakijahama, kama kona ya nyumba yako au nguzo ya umeme. Chapisha.

Halafu kabla mvua haijanyesha nenda kapige picha za mashimo ya minyaa. Minyaa iking'olewa huacha mizizi na vishina. Ule mstari wa vishina ndio mpaka wenu wa zamani, bado upo ardhini leo. Kesho kutwa fundi akimwaga zege haupo tena.

Dada wa Kata

Habari mleta uzi. Mimi ni msaidizi wa kisheria ngazi ya kata, mkoa mwingine. Naunga mkono yote aliyosema Mpima, naongeza upande wa sheria, maana naona watu wanasema "nenda mahakamani" kama vile ni mlango mmoja.

Mgogoro wa mpaka hauendi Mahakama ya Mwanzo. Una ngazi zake chini ya Sheria ya Mahakama za Utatuzi wa Migogoro ya Ardhi ya 2002. Kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, lina wajumbe saba na wanawake wasipungue watatu. Juu yake Baraza la Kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ndipo Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Wewe uko mtaani, kwa hiyo lako linaanzia Baraza la Kata.

Sasa wengi hawajui kwamba mambo yalibadilika 2021. Zamani Baraza la Kata lilikuwa linasikiliza na kuamua nani mshindi. Mamlaka hayo liliondolewa. Sasa kazi yake ni kusuluhisha tu. Mkishindwa kupatana linawaandikia cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, na cheti hicho ndicho unachoambatanisha kwenda Baraza la Wilaya. Siku 30 zikipita bila baraza kumaliza, unaweza kwenda wilayani hata bila cheti. Kwa hiyo ukikutana na mtu anakuonesha "hukumu" ya Baraza la Kata ya mwaka juzi inayompa eneo, iulize vizuri. Na pale kwenye kata mawakili hawaruhusiwi kuwakilisha mtu, mnaongea wenyewe. Kwa maoni yangu hilo ni jema. Majirani wakiongea wenyewe hupatana haraka kuliko wakiongelewa.

Mwenyekiti wa mtaa hakikisha unamhusisha leo, si kesho. Akuite wewe na jirani, aandike muhtasari kwamba ujenzi usimame hadi mkutane. Ila uelewe karatasi yake si amri ya baraza. Jirani akiipuuza na kuendelea kujenga, zuio la muda linaombwa Baraza la Wilaya. Pia muulize mtendaji kama ukuta huo una kibali cha ujenzi. Mara nyingi hauna, na hilo peke yake linasimamisha kazi bila wewe kuonekana mbaya.

Mwana Rombo

Wakuu, kwetu jambo hili lina njia yake na naona inaweza kusaidia hata Pwani.

Kihamba, yaani shamba la ukoo la sisi Wachaga, hakina ukuta. Ni migomba, kahawa, magimbi, mwenyewe anamaliza kwako anaanza mwenzako, mgeni haoni mpaka. Lakini sisi tunauona kwa sababu kuna masale, mimea ya kuwekea alama ya mpaka (mmoja ni isale). Isale likipandwa mpakani limepandwa mbele ya watu wa pande zote mbili, na kila mtoto anaoneshwa. Kuling'oa ni kuanzisha ugomvi na ukoo mzima, hata kama umelisogeza kwa nia ya kupitisha mfereji tu.

Isale hilo hilo ndilo la kuombea msamaha. Mtu aliyekosa akija kwako ameshika isale, ni vigumu sana kumkatalia, hata mkiwa na miaka hamsalimiani. Baba yangu na jirani yake walimaliza ugomvi wa mpaka kwa njia hiyo, wazee wa pande zote wakiwepo, na masale mapya yakapandwa siku hiyo hiyo kwenye mstari waliokubaliana. Mpaka leo hakuna aliyesogeza.

Nasema hivi mleta uzi, huyo jirani yako alijibu simu kwa upole. Usimpeleke popote kabla hujamfuata nyumbani kwake anakokaa. Nenda na mtu mzima mmoja mnayemheshimu wote. Barua ya wito ikitangulia, moyo unafunga.

Kiambu Moja

Salaam kutoka Kenya. Huku kwetu mashamba mengi yaliyosajiliwa yana mipaka ya jumla, yaani ramani ya usajili inaonyesha tu umbo, haisemi mpaka unapita wapi kwa futi. Ua wenyewe, kwa mfano wa kayaba uliopandwa tangu ugawaji wa mashamba wa miaka ya 1950, ndio mpaka. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, mzozo wa aina hiyo unaamuliwa kwanza na msajili wa ardhi. Anakuja shambani pamoja na mpima, anawaita majirani wote wanaopakana, anasikiliza. Ukikimbilia korti kabla ya msajili, korti itakurudisha kwake. Watu wamelipa mawakili pesa nyingi kisha wakaambiwa warudi kwa msajili. Kwa hivyo hata huku neno ni lile lile: anza pale ua ulipo.

Mama Wawili

Naomba kuingia hapa ingawa langu ni la kijijini. Mume wangu alifariki 2011. Shemeji anayelima jirani alianza kusogeza jembe. Kila msimu tuta moja. Ukimwambia anasema shemeji tuta moja tu, mvua ilihamisha udongo. Sasa hivi nusu ya bustani yangu ya nyanya iko kwake na ameshapanda miembe. Nilinyamaza kwa sababu ya heshima ya ukoo na watoto walikuwa wadogo. Nasikia kuna sheria kwamba miaka 12 ikipita huna chako. Ni kweli?

Dada wa Kata

Dada yangu pole sana, na ahsante kwa kuuliza, kwa sababu hili la wajane nakutana nalo kuliko la kuta.

Ni kweli kwamba Sheria ya Ukomo inampa mtu miaka 12 kudai ardhi aliyonyang'anywa, kuanzia siku aliponyang'anywa. Aliyechukuliwa eneo lake 2008 na kunyamaza hadi 2022 atapata shida kubwa. Lakini kuna mawili. Kwanza, kama uliwahi kumruhusu alime kwa kumwazima, hata kwa mdomo, muda huo haumhesabii yeye, kwa sababu mwalikwa hageuki mwenye shamba kwa kukaa muda mrefu. Pili, kama anasogea tuta kwa tuta, kila tuta lina siku yake. La mwaka jana halina miaka 12. Kwa hiyo usiendelee kusubiri hata msimu mmoja.

Hiyo miembe nayo itazame. Aliyeazimwa shamba kwa desturi zetu nyingi haruhusiwi kupanda mazao ya kudumu, anapanda mahindi, kunde, mihogo. Mwembe na mnazi ni kama sahihi, aliyepanda anasema hapa ni pangu. Ukiona mche wa mwembe umechomekwa karibu na mpaka wako, zungumza siku hiyo hiyo ukiwa bado mche. Uende kwa mtendaji wa kijiji uombe shauri liandikwe Baraza la Ardhi la Kijiji, uwe na watu wawili watatu wa umri mkubwa wanaokumbuka mpaka wa marehemu. Na kijiji chenu kikianza kutoa hati za kimila, uwe shambani siku ya uhakiki, maana majirani hutembea mpakani na kuoneshana kisha wanasaini. Usimtume mtu akuwakilishe.

Nitumie ujumbe wa faragha, nitakuunganisha na wasaidizi wa kisheria wa wilaya yako. Msaada huo ni bure, upo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Mama Wawili

Nimekutumia. Mungu akubariki.

Mleta uzi

Wakuu, mrejesho.

Nilimfuata jirani anakokaa, nikiwa na mzee wa msikitini kwetu ambaye naye anamfahamu. Alitupokea vizuri. Kumbe fundi ndiye aliyepanga mstari kwa kuhesabu hatua, yeye hakuwepo. Lakini pia hakubali kwamba minyaa ilikuwa mpaka; anasema aliambiwa minyaa ni ya mbuzi tu. Nikamwonesha picha ya setilaiti ya 2016 na picha za vishina. Amekubali kusimamisha ujenzi na kuja Jumamosi mbele ya mwenyekiti. Watoto wawili wa marehemu nao wamekubali kuja, na binti mkubwa anasema anakumbuka minyaa ilipandwa lini na kwa nini.

Sasa tukikubaliana siku hiyo, tuandikeje? Naogopa makubaliano ya mdomo.

Dada wa Kata

Hongera, hapo umefika mbali. Uandishi ni hivi, andikeni kwa maneno ya kawaida, msitafute Kiswahili cha mahakamani:

"Sisi, (majina kamili), tukiwa majirani tunaopakana mtaa wa (jina), leo tarehe (…) tumekubaliana mbele ya mashahidi kwamba mpaka wetu unaanzia kwenye jiwe lililosimikwa kando ya barabara, mita (…) kutoka kona ya kusini mashariki ya nyumba ya (…), unakwenda mstari mnyoofu hadi jiwe la pili lililoko nyuma, mita (…) kutoka kona ya choo cha (…)."

Mnaona ninavyofanya? Kila jiwe limefungwa kwenye kitu kisichohama. Msiandike "hadi kwenye mpapai". Mpapai hauna maisha. Maelezo ya mipaka yakiwa hafifu, hata shauri likifika Baraza la Wilaya linaweza kuanguka kwa sababu eneo halijulikani, nimeshuhudia watu wakirudishwa mwanzo baada ya miaka ya kuhudhuria.

Wasaini wewe na mkeo, yeye na mkewe, watoto wa marehemu, majirani wa pande nyingine, na mwenyekiti apige muhuri. Mkeo asaini kwa nafasi yake, yeye ndiye anayelima pale kila siku na ndiye atakayekuwepo mtu akirudi kusogeza. Chora ramani ya mkono nyuma ya karatasi. Nakala nne. Kama hamtapatana Jumamosi, karatasi ya muhtasari wa kikao bado ni ushahidi wako Baraza la Kata, kwa hiyo iandikwe hata mkivunjika.

Fundi Bomba

Na gharama za msingi aliochimba na kufukia, nani abebe?

Mleta uzi

Hilo nimeshalifikiria. Kama mpaka utarudi kwenye vishina vya minyaa, nitawalipa vijana kufukia upande wangu, sitamdai. Naye minyaa asinilipe. Ila mipapai miwili iliyokatwa nitamwomba mke wangu aseme mwenyewe, ni mali yake.

Mpima wa Mikoani

Uamuzi mzuri. Mambo ya kumalizia Jumamosi, naomba uyaandike kabla hamjakaa.

Bebeni kamba ndefu na vigingi. Vuteni kamba kutoka kishina cha kwanza hadi cha mwisho, watu wote wauone mstari kabla ya mtu yeyote kusaini. Minyaa ni mipana, inaweza kuwa na unene wa mita nzima, kwa hiyo amueni wazi: mpaka ni katikati ya vishina au ukingo wa upande gani? Hapo ndipo nusu mita inapojificha na kuleta ugomvi mwingine.

Amueni ukuta utakaa wapi. Kama ni wake peke yake, ukuta wote pamoja na upana wa msingi wake ukae upande wake, maana msingi ni mpana kuliko tofali. Kama mnajenga pamoja ukae katikati, mchangie, na iandikwe kwamba ni wa wote wawili. Maji ya mvua nayo: bustani yako iko chini au juu ya kwake? Ukuta bila matundu utayazuia, na masika yajayo matembele yataoza au msingi wake utaliwa. Mwambie fundi aache matundu ya maji, na mahali pa kutokea muafikiane sasa hivi.

Mkishasaini, simikeni nondo kwenye zege kila kona siku hiyo hiyo. Upimaji au urasimishaji ukifika mtaa wenu, mpima atakuta mawe yapo na majirani hawabishani, kazi yake itakuwa kuyasoma tu.

Mleta uzi

Nyumba yangu iko chini. Hilo la maji sikuwa nimeliwaza kabisa. Naliandika sasa hivi.